Kambi ya familia Nabugabo: nani amemshika mtoto saa hii?

Kila ikitangazwa kambi ya familia kanisani kwetu kuna kona moja inanyamaza. Ni ile ya nyuma karibu na mlango, wanapokaa wenye wachanga na wenye watoto wa kutambaatambaa, ili mtoto akilia mtu atoke haraka. Vijana wanapiga vigelegele, wazee wanauliza mchango ni shilingi ngapi, ila kule nyuma utasikia tu mtu anamwambia mwenzake "sisi tutaenda hawa wakikua". Leo naongea na hiyo kona. Nimetoka kambini Ziwa Nabugabo, kule upande wa Masaka hapa Uganda, na watoto watatu, mkubwa ana miaka sita, wa katikati minne, na kitinda mimba ana mwaka na nusu na bado ananyonya, na nawaambia ndugu zangu msisubiri wakue. Nendeni nao. Ila msiende kienyeji, kuna mambo ya kupanga na kuna moja hasa ambalo bila hilo mimi nisingemshauri mtu abebe mtoto kwenda kulala kando ya ziwa.

Sisi ni watu wa ibada ya Kiswahili hapa Kampala, na mnajua ibada za Kiswahili za mji huu zilivyo. Wakongo wengi, Wakenya, Watanzania waliokuja na biashara zao, Waganda waliokulia kwenye kambi za jeshi ambako Kiswahili ndo lugha ya nyumbani, na ndugu zetu wa West Nile, kule kaskazini magharibi mwa Uganda. Wengi wetu tuko hapa bila ukoo. Bibi wa watoto yuko Bukavu, au Kisumu, au Arua, shangazi anaonekana kwenye video ya WhatsApp tu, mtoto anakua anajua watu wa nyumba moja na dada wa kazi. Jumapili tunakutana kwa muda wa saa mbili au tatu hivi, tunasalimiana mlangoni, kila mtu anakimbilia boda yake. Sasa huyu mtoto atamjua saa ngapi yule mzee anayemwombea kila Jumapili? Kambini wanakula sufuria moja, wanaamka wanamkuta anapiga mswaki nje ya hema, wanaanza kumwita jajja, yaani babu, bila kufundishwa. Hicho ndo kitu mimi nakitafuta kule na kwa umri huu ndo kinashika, ukisubiri mpaka awe na miaka kumi na mbili atakuja kambini na simu yake.

Na Biblia yenyewe haikuwaacha nyumbani. Soma Kumbukumbu la Torati 31, pale Musa anapoagiza torati isomwe kila mwisho wa miaka saba kwenye Sikukuu ya Vibanda, anataja wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliyemo malangoni. Watoto wametajwa kabisa. Na sikukuu yenyewe ni ya kulala vibandani siku saba, iko Walawi 23, kwa hiyo na wale walikuwa na wachanga wanaolia usiku na bado hakuna aliyewaambia akina mama wabaki.

Kwa nini Nabugabo na sio Entebbe ambako ni karibu? Kwa sababu ya maji. Watoto wadogo ukiwapeleka ziwani wataingia ziwani, hata uhubiri vipi, na Ziwa Victoria lina kichocho. Nabugabo ni ziwa dogo lililotengwa na Victoria kwa ukanda wa mchanga maelfu ya miaka iliyopita, na maji yake yana madini kidogo sana kiasi kwamba konokono wanaobeba kichocho hawapati cha kujengea gamba, ndo maana watu wameoga pale miaka na miaka kwa amani. Ufuko wake una mchanga na unashuka taratibu, mtoto wa miaka minne anatembea hatua nyingi maji bado yako magotini. Ni eneo linalolindwa pia, liliingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na kuna samaki wadogo mle ambao hawapo kokote kwingine duniani, hilo nilimwambia mkubwa wangu akakaa ufukweni asubuhi nzima na kikombe cha plastiki anasubiri mmoja aje.

Safari. Kutoka Kampala mpaka Masaka ni kama kilomita 130, halafu unashika barabara ya Bukakata, ile ya kwenda kwenye feri ya Kalangala, unakata kuingia ziwani. Kwa mtu mzima ni safari ya kawaida, kwa mtoto wa mwaka mmoja kwenye basi la kukodi ni ndefu sana, basi sisi tuliondoka saa kumi na moja alfajiri wakiwa bado wana usingizi, tukawabeba na shuka zao vilevile, na wengi waliamka tumeshapita Mpigi, pale Mpambire ambapo ngoma zimepangwa kando ya lami kubwa kwa ndogo. Kisha Kayabwe kwenye ikweta. Msipite pale bila kusimama hata kama dereva analalamika. Kuna zile duara mbili nyeupe za saruji na mstari unaopita katikati, watoto wanaweka mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini, wanaruka, wanapigwa picha, wanakojoa, wanakunywa uji uliotoka nyumbani kwenye chupa ya chai, na mkirudi garini nusu ya uchovu umeisha. Mwanangu wa katikati alikataa kabisa kutoa mguu wa kaskazini, alitaka aelewe kwanza ni nini kimebadilika.

Wanaotapika garini wakae mbele, na kila mama awe na mifuko yake mkononi, sio kwenye begi lililoko kwenye buti. Lukaya ndo sehemu ya watu wazima, wale vijana wachuuzi wanakimbilia madirisha na mishikaki na gonja, yaani ndizi, ya kuchoma, nunueni gonja iliyo moto kabisa, wachanga wanaitafuna vizuri. Ila chakula cha watoto cha kutosha siku nzima kiwe ndani ya basi hata kama mnategemea kufika saa nne. Mnakumbuka Mei 2023 daraja la Katonga lilivyokatika, magari ya Masaka yakawa yanazungushwa Kanoni, Sembabule, Villa Maria. Barabara hii ikiamua kukuchelewesha inakuchelewesha kweli na mtoto haelewi neno "foleni".

Sasa nije kwenye lile jambo lenyewe.

Kambini kuna watu wengi wanaompenda mtoto wako, na hapohapo ndo hatari inapoingia, kwa sababu kila mmoja anadhani mtoto yuko na mwenzake. Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa siku nzima wakijua Yesu yumo msafarani na jamaa, Luka 2, na wale walikuwa wazazi waangalifu na msafara ulikuwa wa ndugu na majirani. Kambi ya nyuma kidogo kabla ya hii, mtoto mmoja wa miaka mitatu alikosekana jioni. Baba anajua yuko na mama, mama anajua yuko na baba, dada mmoja anasema nilimwona na vijana wa kwaya, vijana wanasema tulimpeleka jikoni. Tukatoka na tochi mpaka ufukweni, watu wanaita jina lake, wengine wameshaanza kulia, mama yake amekaa chini hawezi kusimama. Alikuwa amelala fofofo kwenye hema la familia nyingine nyuma ya mabegi. Alikuwa salama, tulimshukuru Mungu, tukaimba, lakini mimi sura ya yule mama sijaisahau na nadhani hakuna aliyekuwepo aliyeisahau.

Kwa hiyo safari hii mwalimu wa Sunday school, mama mmoja Mkongo mwenye sauti ndogo ambaye watoto wote wanamsikia, alikuja na leso nyekundu za kuvaa begani. Nyekundu tupu isiyo na maua, ili ionekane kutoka mbali hata kwenye kijani cha pale. Alitugawa familia nne nne kwa jinsi mahema yalivyokaribiana, kila kundi leso moja, na anayevaa leso ndiye mwenye watoto. Sio "tunaangalia wote". Ni yeye. Kama leso iko begani kwako hupokei simu, huendi kukoroga sufuria, hupigi picha, hukai na kusinzia. Zamu ni saa moja, isizidi, kwa sababu macho yanachoka. Mtu mmoja anaangalia watoto watano basi, na kama wako chini ya miaka mitatu ni wawili tu, wakizidi anaongezwa mwenzake naye anapewa leso.

Na kukabidhi kuna utaratibu. Hutupi tu leso begani kwa mwenzako ukakimbia. Unawasimamisha watoto mbele yenu wote wawili, unamgusa kila mmoja kichwani na kutaja jina lake, mwenzako anarudia jina, halafu ndo leso inatoka bega hili kwenda lile. Ikiwa mmoja yuko chooni mnamsubiri. Kuna mzee mmoja aliyestaafu jeshini, huyo alikuwa anakabidhi kwa saluti, na watoto wakaipenda hiyo hata wakawa wanajipanga mstari wenyewe kabla ya saa kufika na kuulizana "leso inaenda kwa nani?" Mkubwa wangu akawa ndo mkumbushaji wa kundi letu. Ukizubaa dakika mbili anakufuata, "mama, zamu yako".

Akina baba wamo kwenye zamu, na hili nalisema kwa kusisitiza. Wasiwekwe kwenye zamu za kuni na mahema peke yake halafu wakamaliza wakakaa kuongea siasa. Baba mmoja alisema hajawahi kukaa na mwanawe wa miaka miwili saa nzima bila mama kuwa karibu, na mpaka siku ya mwisho alikuwa anaomba zamu za watu.

Mnajua matunda yake? Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye somo mwanzo mpaka mwisho. Biblia iko mapajani, kalamu mkononi, hakuna anayevuta blauzi. Tangu mdogo azaliwe sikuwa nimesikiliza mahubiri yakaisha, nasikia mwanzo, natoka nje, narudi watu wanasema amina. Pembeni yangu alikuwa mama mwenye mapacha na nilimwona anafuta macho wakati mchungaji hata hajafika pa kuliza mtu. Alikuwa anapumzika tu. Jamani tunawaita akina mama kambini waje wakutane na Mungu halafu tunawaacha nyuma ya hema wanasongea watoto ugali, hapana, hilo mimi nalipinga.

Ziwani leso ina masharti zaidi. Watoto hawaingii majini mpaka mwenye leso awe ameshaingia yeye, amesimama upande wa kina, uso wake unatazama ufuko. Maji yasipite kiuno cha mtoto. Maboya ya kupuliza hatukuruhusu kabisa, yanampa mtoto ujasiri halafu upepo unamsukuma. Na muda wa ziwa ni asubuhi kabla jua halijawa kali na jioni mwisho saa kumi na moja, baada ya hapo hakuna anayesogea, filimbi inapigwa na leso zote zinarudi kambini.

Usiku ndo kitu kinachotisha wengi, "mtoto atalia awaamshe watu". Atalia ndio. Wa kwangu alilia usiku wa kwanza, saa nane hivi, kwa sababu hema lilikuwa linapigwa na upepo na yeye hajawahi kusikia sauti hiyo. Nikiwa bado namtafutia titi nikasikia hodi nje, bibi mmoja wa Arua amekuja na kitenge chake, hakusema mengi, akasema nipe huyo wewe lala, akamfunga mgongoni akawa anatembea naye taratibu kati ya mahema anaimba kwa Kilugbara. Mimi Kilugbara sikijui hata neno. Mtoto alinyamaza. Asubuhi nilimkuta bibi yuko jikoni anachochea moto wa uji na mtoto bado yuko mgongoni amelala. Sasa niambieni hapa Kampala kwenye nyumba yangu ya geti nani angenipigia hodi saa nane za usiku.

Kinachosaidia ni mahema ya wenye watoto yawe pamoja na mbali na ya vijana wanaokesha na gitaa. Mtoto alale na shuka lake la nyumbani lisilofuliwa juzi, harufu anaijua. Saa ya kulala ibaki ileile, hata kama moto wa kambi unaanza. Na godoro jembamba juu ya mkeka juu ya turubai, kwa sababu ubaridi unatoka chini, watu wanaongeza mablanketi juu mtoto bado anatetemeka kwa sababu amelalia ardhi.

Chandarua si cha kujadili. Hema lina wavu ndio lakini mlango wa hema la watoto unafunguliwa mara ngapi kwa usiku? Tulifunga vyandarua vya duara katikati ya hema kwa kamba na kuchomeka pembe chini ya godoro. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watoto wote walikuwa na mikono mirefu, suruali na soksi. Wenye wachanga, kumbukeni chanjo ya malaria ilianza kutolewa hapa Uganda Aprili 2025, ni dozi nne, miezi 6, 7, 8 na 18, angalieni kadi kabla ya safari kama kuna iliyorukwa, lakini chanjo haiondoi chandarua, vyote viwili. Na mkirudi nyumbani mtoto akipata homa hata baada ya wiki mbili, nendeni mkapime, msiseme ni uchovu wa safari.

Jiko la mkaa lisiingie hemani. Hata kama kuna baridi, hata kama limebaki kaa moja jekundu. Ule moshi usioonekana hauna harufu na unaua waliolala, na mtoto ndo wa kwanza. Tulikuwa na wazee wawili wanaopita kila usiku kabla ya kulala wanaangalia hilo tu, na pia wanamwaga majivu kuzunguka mahema ya watoto kwa ajili ya siafu.

Choo. Shimo la choo cha kambi kwa mtoto wa miaka mitatu ni kubwa na lina giza, na hofu yake ni ya haki. Leteni poti. Kila familia na poti yake na majivu kwenye kopo, na maji ya kunawa na sabuni yawe palepale, dumu limening'inizwa kwenye mti kwa urefu wa mtoto sio wa baba yake. Maji ya kunywa yote yalichemshwa, na dumu lake lilifungwa utepe wa bluu ili mtu asichanganye na la kuoshea. Sanduku la dawa lilikuwa na ORS za kutosha, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha, paketi moja kwa lita moja ya maji safi, na nesi wa kanisa aliwafundisha wote kuchanganya kabla hatujahitaji. Tulizihitaji kwa mtoto mmoja tu, akapona hukohuko.

Chakula cha watoto kitoke kabla. Hili kamati nyingi hazilielewi, wanapika chungu kimoja cha watu wote na kinaiva saa mbili usiku watoto wameshalala na njaa au wanalia. Sisi tulikuwa na jiko dogo la pembeni, mama mmoja na kijana mmoja kwa zamu, uji wa mtama na maziwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa sita wali au matoke ya kupondwa na maharage yaliyochujwa au parachichi, na chakula cha jioni saa kumi na mbili kamili. Sukari ndizi, zile ndizi ndogo tamu, katikati. Watu wazima wakala baadaye kwa utulivu wao. Na chakula kikae kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, tumbili wa Nabugabo wamezoea watu, wakiona mtoto mfupi ana mkate mkononi hawamwogopi hata kidogo. Mtoto asile huku anatembea. Na asiwalishe wala kuwashika, meno ya tumbili yana madhara na kliniki iko mbali.

Ratiba ya ibada ilibidi ibadilike na namshukuru mchungaji alikubali. Ibada ya asubuhi ya familia nzima ilikuwa fupi, nyimbo nyingi za kuruka, neno dogo, maombi ya kushikana mikono, basi. Somo refu la watu wazima likaja baada ya chai watoto wakiwa chini ya leso, na lingine saa nane mchana wadogo wamelala. Jioni ni hadithi kwenye moto, na moto ulizungushiwa mstari wa mawe ambao mtoto havuki. Ijumaa usiku ilikuwa Samweli, pale anapoitwa amelala hekaluni. Aliyesimulia ni yule mzee wa saluti. Alizima tochi zote, akawaambia watoto walale chali kwenye mkeka kama Samweli, akawa anaita taratibu kutoka gizani, "Samweli... Samweli..." na wao wanaitika "mimi hapa!" Mwanangu wa miaka minne akainuka akauliza, Mungu aliita kwa sauti kubwa au ndogo? Mzee akafikiri kweli, hakumjibu harakaharaka. Akasema, kubwa ya kumwamsha Samweli, ndogo ya kutomwamsha Eli. Watu wazima wote tukanyamaza, na mtoto akaridhika akalala tena chali.

Kuna jambo la mvua lazima niliseme. Likizo ya muhula wa pili inaangukia Agosti na Septemba mvua za pili zinapoanza, na mvua ya upande wa ziwa inakuja na radi. Novemba 2024 kule Palabek wilaya ya Lamwo radi iliua watu 14 wakiwa ibadani, wengi ni watoto na vijana, familia za wakimbizi waliokusanyika kuomba wakati mvua inanyesha. Ndugu hao tunawabeba kwenye maombi mpaka leo. Kwa hiyo kwetu amri ilikuwa moja, ngurumo ya kwanza ikisikika mbali kabisa, ibada inasimama, hakuna anayebaki chini ya mti wala hemani wala majini, watoto wote wanabebwa kwenda kwenye mabasi au kwenye jengo kubwa la pale, mnahesabiana kwa leso, na mnakaa humo mpaka ngurumo ya mwisho ipite na nusu saa juu yake. Jumamosi mchana ikatokea kweli. Tulikaa ndani ya mabasi yenye joto na watoto zaidi ya thelathini, tukaimba nyimbo zote tunazozijua kwa Kiswahili, Kiganda, Lingala, halafu tukaanza upya, na hakuna hata mtu mzima mmoja aliyenung'unika kwamba somo lake limekatwa.

Gharama wengi wameniuliza. Kilichopunguza mzigo ni kuanza kuchangia tangu mwezi wa tatu kidogokidogo kila Jumapili, na wenye magari kubeba godoro za wengine. Mahema karibu yote yaliazimwa. Familia ambayo haikuwa na kitu ililipiwa bila kutangazwa, mweka hazina ndo anajua, na iendelee hivyo.

Kamati inakutana tena mwezi ujao kupanga ya mwakani na nimeshapeleka maombi yangu. Naomba hema moja la kunyonyeshea liwe karibu kabisa na mahali pa somo, lenye viti vya kuegemea, ili mama asikie neno huku mtoto ananyonya. Naomba leso ziongezwe, safari hii kuna wakati kundi moja lilikuwa na wachanga wengi na leso moja haikutosha, tukalazimika kufunga kipande cha kitambaa. Naomba pia usajili wa kwanza uwe wa ile kona ya nyuma, waandikwe wao kabla ya vijana, maana wao wanahitaji kujua mapema kama wana nafasi. Na bakuli za watoto mwakani ziandikwe majina chini kwa wino usiofutika. Zilizobaki ziko kwangu kwenye gunia, za plastiki, nyingi za kijani na mbili za pinki, nitakuja nazo Jumapili, mpite mlangoni baada ya ibada mchukue zenu.